Siku ya Hamsini Baada ya Kupanda: Somo la Jenetiki Kutoka Shamba la Karanga

Kaa kwenye kimbwete chochote hapa chuoni, taja "jenetiki" na "mbegu" katika sentensi moja, uone kitakachotokea. Dakika mbili haziishi, mtu ameshasema GMO, mwingine anadai kuna watu wanataka kutumaliza, wa tatu anaapa kwamba mbegu za kisasa hazina ladha. Mjadala unakufa kabla haujazaliwa. Wakati huohuo, kama kilomita 10 tu kutoka Shangani, barabara ya kwenda Newala, kipo kituo cha utafiti cha TARI Naliendele, na pale kazi ya jenetiki imefanyika kwa miaka mingi juu ya zao ambalo kwa baadhi yetu ndilo lililolipa ada ya sekondari: karanga. Hakuna jeni la samaki humo. Kuna chavua, brashi ndogo, daftari na subira.

Naomba basi mwanachuo mwenzangu, hata kama wewe ni wa Elimu au Biashara na baiolojia uliiacha kidato cha nne, unifuate katika somo hili. Jambo ninalotaka kulionyesha ni moja. Hakuna mmea unaostahimili "mazingira magumu" kwa ujumla. Kila mmea unastahimili shida fulani, inayokuja wakati fulani, mahali fulani. Anayekimbilia kutafuta jeni kabla hajaijua shida yenyewe na tarehe yake, atapoteza muda na hela.

Hela zilizowahi kupotea kwa namna hiyo, sisi wa Mtwara tunakanyaga mabaki yake kila siku. Tuna kata inaitwa Reli, lakini reli huioni. Bandari yetu ya kina kirefu nayo ilianza kufikiriwa kwa sababu ya karanga. Baada ya Vita Kuu ya Pili Uingereza ilikuwa na njaa ya mafuta ya kula, na mwaka 1947 ikaanza mpango mkubwa wa kulima karanga Tanganyika: Kongwa, Urambo na Nachingwea. Walilenga zaidi ya ekari milioni 3. Mpango ulifutwa Januari 1951, ukiwa umemeza kama pauni milioni 36. Reli ya Nachingwea hadi Mtwara ilifungwa mwanzoni mwa miaka ya 1960, vyuma vikang'olewa.

Watu wakisimulia habari ile hucheka matrekta yaliyoshindwa na mizizi ya miti. Ni kweli yalishindwa. Ila mwanafunzi wa kilimo anapaswa kuangalia ardhi ya Kongwa: udongo wenye mfinyanzi ambao ukikauka unakuwa mgumu kama saruji, kwenye eneo ambalo mvua haina ahadi. Karanga hata ikizaa pale, utaichimbaje? Mpango ulianza kwa ramani na hesabu, na utafiti ukafuata nyuma ukihema. Mwanasayansi mkuu wa shirika lile, Hugh Bunting, alikuja kuandika mwaka 1955 uainishaji wa karanga zinazolimwa, akizipanga kwa jinsi zinavyotoa matawi na maua. Kwa maoni yangu hiyo karatasi ni mojawapo ya mazao machache ya mpango ule yaliyodumu, na nitaeleza kwa nini matawi ni jambo kubwa hivyo.

Turudi kwenye mmea wenyewe. Karanga ni jamii ya kunde, ndugu na soya, choroko na mbaazi, lakini ina tabia ambayo hao ndugu zake hawana. Ua linafunguka juu ya ardhi, linajichavusha lenyewe, kisha linanyauka. Baada ya hapo kikonyo chembamba kama sindano kinashuka kutoka pale ua lilipokuwa, kinatoboa ardhi, na ncha yake ndiyo inayovimba chini kuwa ganda lenye punje. Yaani zao linachanua hewani na kuzaa gizani. Kikonyo kikikuta ardhi kavu imekakamaa, hakiingii. Kisipoingia hakuna ganda, hata kama shamba kwa juu ni kijani la kupendeza. Tena ganda linafyonza chokaa moja kwa moja kutoka kwenye udongo uliolizunguka, na linahitaji unyevu kufanya hivyo. Ndiyo maana kuna misimu unang'oa shina limejaa maganda, ukiyabonyeza ni matupu.

Sasa weka hilo juu ya kalenda yetu. Mvua za Mtwara ni za msimu mmoja, zinaanza Novemba au Desemba na kuisha Aprili au Mei. Katikati yake, mwishoni mwa Januari au mwanzoni mwa Februari, mvua hukatika kwa wiki moja au mbili. Mama aliyepanda karanga tarehe 20 Desemba, ikifika Februari 8 anahesabu siku ya hamsini. Siku ya hamsini ndipo vikonyo vinashuka kwa wingi. Kwa hiyo shida ya karanga wa Mtwara ina jina: ni zile wiki za Februari. Jua la Septemba halimhusu, maana hayupo shambani.

Hapa ndipo matawi ya Bunting yanaingia. Kuna karanga zinazosimama wima, zinatoa maua karibu yote kwa mkupuo na kukomaa mapema. Kuna zinazotambaa au kutanuka, zinatoa maua kidogokidogo kwa muda mrefu na kuchelewa kukomaa. Za kwanza zikikutwa na kiangazi cha Februari vikonyo vikiwa njiani, zimeumia, maana hazina maua mengine ya akiba. Za pili zitapoteza maua ya wiki hizo, mvua ikirudi zinachanua tena. Ukisikia hivyo utasema basi tupande za pili. Subiri. Mvua ikiisha mapema, mwanzoni mwa Aprili, za pili zinakuwa bado hazijajaza punje, na za kwanza ziko ghalani. Isitoshe, karanga inayomalizia kukomaa kwenye ukame na joto ndiyo inayoshambuliwa sana na ukungu unaotoa sumukuvu. Na wala usifikirie kwamba za mapema zimeshinda: nyingi kati ya hizo punje zake hazina usingizi, zikikomaa na mvua ya mwisho ikanyesha, zinaota humohumo ardhini.

Umeona mtego? Kila faida ina mahali inapogeuka hasara. Mbegu ya Pendo, iliyotolewa Naliendele mwaka 1998, ni ya upande wa mapema, inakomaa kwa takriban siku 90 hadi 100. Jeni zinazoiharakisha hazifanyi mmea uvumilie kiu. Zinaufanya uondoke kabla kiu haijafika. Watafiti wanatofautisha mambo hayo mawili, kukwepa na kuvumilia, na mwanafunzi akiyachanganya kwenye mtihani anajitafutia sapu. Mwaka 2009 zikafuata nyingine tano zenye majina ya kwetu: Naliendele, Nachingwea, Masasi, Mangaka na Mnanje. Zilitokana na ushirikiano wa kituo na ICRISAT, taasisi ya kimataifa inayoshughulika na mazao ya maeneo makavu, na wakulima walihusishwa kuzichagua mashambani mwao. Omari Mponda ni mmoja wa watafiti waliosimama nyuma ya kazi hiyo kwa miaka mingi.

Mfano ninaoupenda kuliko yote katika somo hili ni ugonjwa wa rozeti, kwa sababu unaonyesha Mendel akifanya kazi shambani. Ugonjwa huu uliripotiwa kwa mara ya kwanza mwaka 1907, na uliripotiwa kutoka nchi hii hii, enzi za Wajerumani. Majani yanakuwa madogo, ya njano au yenye mabaka, shina linadumaa na kujikunyata kama ua la waridi. Unaenezwa na vidukari, na unaletwa na ushirika wa watatu: virusi wawili tofauti na kipande kidogo cha RNA kinachowategemea. Ni kipande hicho kinachosababisha zile dalili. Ukipanda kwa kuchelewa, au mvua ikikatika na vidukari wakaongezeka, umekwisha. Mwaka 1975 rozeti iliangamiza karibu hekta 700,000 kaskazini mwa Nigeria. Msimu wa 1994/95 ikapiga Malawi na mashariki mwa Zambia, majirani zetu kabisa.

Kinga ilipatikana mapema, miaka ya 1950, baada ya watafiti wa Senegali kuona mistari ya karanga iliyobaki kijani wakati jirani zake zote zimeugua. Asili yake ilikuwa mpakani mwa Burkina Faso na Côte d'Ivoire. Walipoichunguza wakagundua kwamba kinga inaamuliwa na jeni mbili, zote za aina inayojificha. Maana yake, mmea lazima upokee nakala ya kinga kutoka kwa baba na kwa mama, kwa jeni ya kwanza na ya pili pia. Ukikosa hata nakala moja, unaugua.

Tufanye hesabu, haina maumivu. Unachavusha karanga yenye kinga na karanga ya mapema isiyo na kinga. Kazi hiyo yenyewe ni ya mikono mitulivu: jioni unafungua ua changa na kutoa stameni kabla halijajichavusha, asubuhi unapaka chavua ya mmea mwingine, na ua moja likifanikiwa sana litakupa ganda moja. Kizazi cha kwanza chote kinaugua, maana kila mmea una nakala moja tu ya kila kinga. Mtu asiye na subira angetupa kila kitu hapo. Ukiviacha vijichavushe, kizazi cha pili kinagawanyika. Uwezekano wa kupata nakala mbili za jeni ya kwanza ni robo, wa jeni ya pili ni robo, na robo ya robo ni moja ya kumi na sita. Katika mimea 16, mmoja ndio una kinga. Na huyo mmoja anaweza akawa amerithi kuchelewa kwa babu yake wa Afrika Magharibi, maana kinga zile za kwanza zilikuja kwenye karanga zinazochelewa sana kukomaa. Mkulima mwenye mvua za siku 100 hana matumizi nazo. Miongo kadhaa ilipita katika kutenganisha kinga na uchelewaji, ICRISAT wakiwa Malawi, Waganda wakiwa Serere ambako walitoa mfululizo wa mbegu za Serenut, na wenzetu hapa Naliendele.

Utamjuaje huyo mmoja katika 16? Unampelekea ugonjwa. Katikati ya mistari ya majaribio unapanda karanga dhaifu, unazijaza vidukari wenye virusi, halafu unakaa unaangalia nani anabaki kijani. Mkulima anakimbia ugonjwa, mtafiti anaualika nyumbani na kuuandalia mkeka. Shamba la majaribio lililostawi kila kona halijamwambia mtafiti kitu. Nawaambia wenzangu wanaodhani maabara ndiyo kila kitu: bila shamba la kuumiza mimea, mashine ya DNA haijui imtafute nani.

Mashine yenyewe inasaidia vipi? Jeni inayojificha haionekani kwa macho mpaka iwe mbili. Kila mara unapotaka kuirudisha kwenye mbegu unayoipenda, inabidi upoteze msimu mzima kuzijichavusha na kuzijaribu kwa ugonjwa. Mtwara msimu ni mmoja kwa mwaka. Kama kuna alama ya DNA inayokaa jirani na jeni hiyo, unachukua kipande cha jani la mche wa wiki mbili, unapima, unajua nani amebeba nakala hata kama haionekani. Umeokoa mwaka. Happiness Daudi, mtafiti wa Naliendele aliyefanya uzamivu wake Chuo Kikuu cha KwaZulu-Natal, Afrika Kusini, alipanga aina mbalimbali za karanga kwa alama za DNA na kwa vipimo vya shambani kwa pamoja, akiulenga ugonjwa wa kutu. Neno la kushika hapo ni "kwa pamoja".

Ramani ya jinomu ya karanga ilichelewa kupatikana kuliko ya soya. Soya ilisomwa mwaka 2010. Karanga ilisubiri hadi 2016 ndipo jinomu za mababu zake wawili wa porini zikachapishwa, na 2019 ya karanga yenyewe. Sababu ni historia ya familia. Maelfu ya miaka iliyopita, huko Amerika Kusini kwenye eneo la Bolivia na Argentina, mimea miwili ya porini, kila mmoja na kromosomu 20, ilikutana, na mtoto wao akazidisha seti yake mara mbili akawa na 40. Ndiye karanga wetu. Seti zote mbili zinafanana mno, hivyo kuzisoma ni kama kupanga kurasa za madesa mawili yaliyochanwa na kuchanganywa, la mwaka jana na la mwaka huu. Na kwa kuwa ana kromosomu 40, hazai kirahisi na ndugu zake wa porini wenye 20. Amebaki na utofauti mdogo. Wataalamu walipofanikiwa kumchanganya na ndugu mmoja wa porini aitwaye Arachis cardenasii, kwa uchavushaji na kucheza na idadi ya kromosomu, vipande vya kinga ya kutu na madoa ya majani vikasambaa kwenye mbegu za nchi nyingi.

Rozeti ni jeni mbili. Kiu ni habari nyingine kabisa. Kina cha mizizi, kasi ya kufunga matundu ya majani, kiasi cha maji kinachotumika kutengeneza gramu moja ya mmea, sehemu ya mmea inayogeuka kuwa punje: kila kimoja kinaendeshwa na jeni nyingi, kila jeni ikisukuma kidogo. Mtu akikwambia amegundua "jeni la ukame", muulize ukame wa mwezi gani.

Tuangalie soya, kwa kuwa ndiyo inayotajwa sana siku hizi tangu China ilipofungulia soya ya Tanzania mwaka 2020. Argentina, Raquel Chan na wenzake walichukua jeni ya alizeti iitwayo HB4 na kuiingiza kwenye soya. Nchi yao iliiidhinisha mwaka 2015, China mwaka 2022. Hiyo ni GMO kweli, jeni imevuka kutoka mmea mmoja kwenda mwingine usioweza kuzaa nao. Kwetu, Novemba 2018 Wizara ya Kilimo ilisimamisha majaribio ya mahindi ya GMO yaliyokuwa yakifanyika Makutupora, Dodoma. Ukiunga mkono uamuzi ule au ukiupinga, jua tu kwamba haukugusa uchavushaji na alama za DNA nilizoeleza hapo juu. Huo ni uzazi wa kawaida, umechaguliwa kwa macho makali zaidi.

Lakini shida ya kwanza ya soya kwenye latitudo yetu ya nyuzi 10 haikuwa hata ukame. Soya inasoma urefu wa usiku. Mbegu ya Marekani ikiletwa karibu na ikweta inaona usiku mrefu, inadhani msimu unaisha, inachanua ikiwa fupi kama mchicha na kuzaa maganda ya kuhesabu. Nachingwea, kwenye mabaki ya mpango wa karanga, kazi ya kuzalisha mbegu za soya zinazofaa huku ilianza mwaka 1955. Brazili walitatua tatizo hilo kwa mmea unaochelewa kuchanua hata usiku ukiwa mrefu, wakaijaza nchi soya, na jeni yenyewe, inayoitwa J, ikaja kutambuliwa mwaka 2017. Kwa maneno mengine, mashamba yalitangulia na maelezo ya jeni yakafuata miongo kadhaa baadaye. Sioni aibu yoyote katika mpangilio huo.

Sasa swali la kimbwete: kama mbegu zipo tangu 1998 na 2009, mbona muuza karanga wa stendi bado anasema "za kienyeji tu hizi"? Jibu haliko kwenye kromosomu. Liko kwenye uzito. Hekta moja ya karanga inakula kama kilo 80 za mbegu, na kilo moja ukiipanda vizuri unavuna kama 10. Mahindi kilo moja inakupa mia na zaidi. Kampuni za mbegu zinapenda mahindi chotara, mkulima anarudi dukani kila mwaka. Karanga inajichavusha yenyewe, mkulima akinunua mara moja anaweza kutunza yake, kwa hiyo duka halimpendi sana. Kinachobaki ni Wakala wa Mbegu, vikundi vya wakulima wanaozalisha mbegu za daraja la kuazimiwa chini ya ukaguzi wa TOSCI, na kituo chenyewe.

Piga hesabu ya mwisho. Mtafiti anakupa kilo 10 za mbegu mama. Msimu wa kwanza unapata 100, wa pili 1,000, wa tatu 10,000, wa nne 100,000. Tani hizo 100 zinatosha hekta 1,250, eneo dogo kwa mkoa huu, na imechukua miaka minne kwa sharti kwamba hakuna aliyekaanga hata punje moja. Ila mbegu za karanga zinakaa kwenye gunia chumbani kuanzia Mei hadi Desemba, na gunia hilo ndilo akiba ya nyumba. Mtoto akiugua Agosti, linafunguliwa. Bumu likichelewa Novemba na wewe ukapiga simu nyumbani, linafunguliwa tena.